Mzee Lalji Amefunga

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema hilo mapema ili nikifika mahali pa aibu usishangae. Hasira ndiyo iliyonipandisha lori siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, kwenda Katesh kumgombeza mzee ambaye bila yeye mimi na mwanangu tungekuwa watu wa kuombaomba. Namshukuru Mungu kwa mengi ya mwaka ule wa themanini na sita, na hasira ile pia naiweka humo humo.

Naitwa Letisia. Ni fundi cherehani, mzaliwa wa Dongobesh, niliyeolewa Gehandu. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walimlilia wiki moja, wiki ya pili wakaanza kulipima shamba kwa hatua. Nilifika Katesh na mtoto mgongoni na mkasi mmoja mkubwa wa kukatia nguo, ambao niliuficha ndani ya kanga wasije wakautwaa nao. Nikakaa kwenye ngazi ya duka la Mhindi mmoja, Mzee Lalji, kwa sababu palikuwa na kivuli. Akatoka, akautazama mkasi.

"Wewe najua shona?" akaniuliza.

"Najua."

"Basi kaa. Lakini hapana kaa kwa ngazi, watu napita."

Akaingia ndani, akatoka amekumbatia cherehani ya mke wake, aliyefariki miezi minne kabla. Akaiweka barazani. Nikakaa mbele ya mashine nikilia. Nikashona pale pale miaka ishirini. Binti yake, Kokila, wakati huo ana miaka sita, alikulia chini ya meza yangu akiokota vipande vya vitambaa na kuyavisha magunzi ya mahindi. Mimi nilimwita Koki. Yeye aliniita shangazi. Wapo waliocheka kusikia mtoto wa Kihindi akimwita Mwiraqw shangazi, lakini sisi wenyewe hatukuona cha kuchekesha.

Koki alikua akawa mwalimu, akapangiwa shule ya msingi iliyokuwa ndani ya shamba la ngano la serikali, upande wa Basotu. Wakati ule mashamba yale yalikuwa katika enzi yake. Ngano ilianzia mbele ya miguu yako ikaishia mahali ambapo macho yanachoka, na kombaini, zile mashine za kuvunia, zilitambaa humo tangu asubuhi hadi jioni. Mafundi wa Kanada walikuwa wamekuja na mashine zao, na mmoja wao, mwenye ndevu nyekundu, alikuwa Niili. Kiswahili chake alijifunzia karakanani, kwa hiyo kila jambo kwake lilikuwa nati na spana. Siku alipokuja barazani kunieleza nia yake alisema, "Mama Letisia, mimi na Kokila tunataka kukaza nati." Nilicheka mpaka sindano ikanichoma kidole.

Nilimdhania Mwingereza. Nilipomwambia hivyo alikunja uso kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kumbe kwao ni kisiwa kimoja huko Kanada, na watu wake ni Wakelti, ambao wazee wao waliondolewa kwenye milima ya Uskoti wakavushwa bahari. Bibi yake hakujua Kiingereza mpaka alipopelekwa shule akafundishwa kwa fimbo. Nilimwelewa papo hapo. Sisi Wairaqw tumeitwa Wambulu, kwa jina la wilaya, miaka yote hii, utadhani tulizaliwa na ofisi ya wilaya.

Sasa ndipo ugumu unapoanza. Koki alimweleza baba yake Jumapili moja ya mwezi wa sita. Mzee Lalji alikuwa anapanga sabuni kwenye rafu. Alimaliza kuzipanga, akasema, "Nimesikia." Basi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Alikula, alifungua duka, alisali mbele ya picha zake, na jambo lile hakuligusa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotutesa, kwa sababu mtu aliyekasirika unaweza kumbembeleza.

"Shangazi," Koki aliniambia, "kwetu baba ndiye anayeuchukua mkono wa binti na kuuweka kwenye mkono wa mume. Mama hayupo. Baba naye asipokuja, sitaolewa. Sisemi nitaolewa kwa huzuni. Sitaolewa."

Niili alikuwa amesimama pale na kofia mkononi. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa nane. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ni sawa. Hata mimi sitaki bila yeye." Nilimpenda siku ile.

Hata hivyo harusi ilibidi ipangwe, mzee aseme asiseme. Maharaji wa Arusha, yaani kuhani wao wa Kihindu, alikuwa ametoa tarehe moja tu: Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba. Baada ya hapo, kwa hesabu ya mbingu zao, miungu hulala miezi minne na hakuna anayeozwa. Tukawa tunapanga sherehe ambayo hatukujua kama ipo.

Mimi sijui kupanga kitu kwa mdomo. Nikamwambia Koki alete karatasi ya kaki, ile ya kukatia vipimo, nikaitandaza mezani. "Tutaikata kama gauni," nikawaambia. "Kila mtu aseme vipande vyake, halafu tuone mshono unapita wapi."

Koki akasema vyake: moto katikati, ambao ndio shahidi, kuuzunguka mara nne, nguo ya bwana harusi na ya bibi harusi kufungwa pamoja kwa fundo, mkono wa baba. Niili akasema vyake: kikombe cha wazee wao chenye masikio mawili, ambacho maharusi hunywea pamoja kila mmoja ameshika sikio lake, na mikono miwili kufungwa kwa utepe mbele ya watu. Nikachora vyote kwa penseli. Nilipofika kwenye mafundo nikasimama.

"Ninyi mnafunga nguo," nikamwambia Koki. "Na ninyi mnafunga mikono," nikamwambia Niili. "Na sisi wengine tunasema tu kufunga ndoa, hatufungi hata kamba. Kumbe ni kufunga kwa watu wote! Basi hapa hakuna haja ya mshono, hiki ni kitambaa kimoja."

Tukakubaliana utepe uwe mmoja, unaofunga mikono na nguo kwa pamoja. Nusu yake ingetoka kwenye shali ya bibi yake Niili, ya miraba ya kijani na buluu, ambayo mama yake alimtumia kwa posta. Nusu nyingine Koki aliitaka itoke kwenye sari ya harusi ya mama yake, nyeupe yenye pindo jekundu. Lakini sari ile ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Mzee Lalji, na Koki hakuthubutu kuiomba. Nikamwambia nitatafuta kitambaa chekundu. Nilikuwa na kipande kilichobaki kwenye magauni ya kwaya. Aliitikia kwa kichwa, na mimi nilijua kabisa kwamba kipande kile hakifai.

Kazi ya kufunga yenyewe nayo ilileta maneno. Kwa Koki, anayefunga nguo ni dada wa bwana harusi. Kwa Niili, anayefunga mikono ni mtu ambaye maharusi wanamheshimu. Dada yake Niili alikuwa ng'ambo ya bahari na watoto watano. Wote wawili wakaniangalia. Nikajifanya natafuta bobini, lakini nilikuwa nimeshakubali, na furaha yangu sikuweza kuificha.

Moto ndio uliokuwa mzigo mkubwa zaidi. Mwezi wa saba ngano imekauka, na mtu akiwasha sigara karibu nayo anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Koki alipokwenda kwa meneja wa shamba, meneja alimsikiliza vizuri akamjibu, "Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini kiberiti hapana." Na kuifanyia Katesh haikuwezekana, maana mavuno yalikuwa yameanza na Niili hakuruhusiwa kukaa mbali na kombaini zake.

Aliyetutoa hapo ni Mzee Gidamis, Mdatoga wa upande wa Dirma, ambaye boma lake lilikuwa limebaki kwenye ukingo wa shamba lile. Alikuwa akituletea samli dukani. Siku ile alikuwa ameketi barazani, fimbo kati ya magoti, anatusikiliza tukilumbana juu ya karatasi.

"Mnatafuta mahali pasipo na kitu cha kuungua," akasema. "Njooni kwangu. Mlipolima malisho yangu mkaniachia kipande kimoja, mkasema hakifai kwa ngano. Ng'ombe wamebanana hapo mpaka pamekuwa sakafu. Leteni moto wenu. Samli ya kuutia ninayo."

Niili ndiye aliyekuwa akizitengeneza mashine zilizolima malisho yale, na alilijua hilo. Aliinuka akampa mkono mzee, akamwambia asante, na mzee akaushika mkono ule muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kuuachia. Kesho yake Niili alichukua sahani moja ya plau iliyochakaa, akaziba tundu lake kwa kuchomelea, ikawa chombo cha moto. Meneja alipopaona mahali penyewe akaruhusu, ila akasema lazima boza la maji lisimame karibu.

Basi kila kipande kikapata mahali pake, isipokuwa kimoja. Kwenye karatasi ya kaki, karibu na duara la moto, nilikuwa nimeandika: *Baba, mkono*. Mbele yake nikaweka alama ya kuuliza.

Alhamisi nilifunga safari kwenda shambani kwa ajili ya kujaribisha nguo. Mkasi mkubwa niliuacha barazani, nikachukua mdogo. Nilipofika nikakuta ile karatasi nimeisahau pia, nikajilaani. Ijumaa asubuhi nilikuwa nyumbani kwa Koki, nimepiga magoti napandisha pindo, Niili anafunga taa nje, ndipo lori la Hhando likasimama. Hhando ni dereva aliyekuwa akipeleka ngano Katesh na kurudi. Tulikuwa tumempa kazi moja tu: apitie dukani, amuulize Mzee Lalji kama amchukue.

"Nimemuuliza," Hhando akasema mlangoni. "Nimemwambia, mzee, leo nije nikuchukue kwa ajili ya kesho? Kasema, mwambie Koki, mimi nafunga."

"Anafunga nini?" nikauliza.

"Hakusema zaidi. Ila nilimwona anafunga mlango wa duka."

Koki hakulia. Alikaa kitini akiwa na pini zangu zote kwenye nguo, akaangalia ukuta. "Amefunga mjadala," akasema. "Baba akimkataa mteja husema hivyo hivyo. Nafunga." Kisha akaanza kutoa bangili mkononi, moja moja, akazipanga mezani. Niili alikuwa dirishani. Alisikia kila neno, na waya wa taa ukamtoka mikononi ukaanguka.

Hapo ndipo damu ilipopanda kichwani. Nilimwambia Koki asiguse nguo, asitoe pini, asifanye chochote. Nikamwambia Hhando ageuze lori.

Njia nzima nilipanga maneno. Hhando alijaribu kuzungumza habari za mvua, nikamwambia aangalie barabara. Tulipofika, mlango mmoja wa duka ulikuwa umefungwa, mwingine uko wazi. Mzee Lalji alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, ameegemea gunia la sukari. Nilimwamkia shikamoo, kwa sababu mama yangu angefufuka Dongobesh aje anizabe kofi kama ningeacha. Alipoitika tu marahaba, nikaanza.

Nilimwambia yeye ni mtu mgumu. Nilimwambia mtoto wake anatoa bangili mkononi wakati huu. Nilimwambia kama hamtaki mzungu angesema siku ile ya sabuni, asingengoja mpaka nguo zishonwe. "Mimi ulinikuta kwenye ngazi," nikasema, "mtu usiyemjua, na mtoto anayenuka mikojo, ukaniletea cherehani ya mkeo. Mgeni ulimpokea! Wa kwako mwenyewe unamfungia mlango?" Watu wawili waliokuja kununua chumvi walisimama nje wakasikiliza bure.

"Wewe amemaliza?" mzee akauliza.

"Bado!" Nikaongeza mengine, ambayo hayana maana kuyarudia. "Sasa nimemaliza."

"Keti."

"Sitaki kuketi."

"Keti, Letisia. Mimi nakutazama juu, kichwa nazunguka."

Ndipo nikamwangalia vizuri. Midomo ilikuwa imekauka, macho yameingia ndani. Hasira ikanitoka yote kwa mara moja. "Mzee, unaumwa?"

"Hapana umwa. Nimefunga. Si nimetuma Hhando?"

"Umefunga nini, mzee?"

Aliniangalia kama anavyomwangalia mteja anayeuliza bei ya kitu alichokishika mkononi tayari. "Wewe Kwaresima nafanya nini?"

Mimi, ninayefunga Kwaresima tangu nikiwa msichana, niliyekuwa nikinyimwa hata maziwa Ijumaa Kuu, nilikuwa nimesikia neno lile kutoka kwa mwenye duka nikafikiri ni mlango.

"Baba nayotoa binti hapana kula," akasema taratibu. "Mpaka mikono nawekwa pamoja. Hiyo desturi. Koki najua."

"Lakini harusi ni kesho. Leo ni Ijumaa."

"Kesho funga yangu. Leo funga ya mama yake. Yeye angefunga pamoja na mimi. Hayuko. Sasa mimi moja nafunga siku mbili."

Nilikaa. Nilikaa chini, sakafuni, maana kiti kilikuwa mbali. Nililia bila kujificha na wale wa chumvi wakaondoka kwa adabu.

"Na wiki tatu zote hizi?" nikauliza nilipoweza. "Kwa nini ulinyamaza?"

Akaelekeza kidole kwenye picha ya mkewe ukutani, yenye shada la maua ya karatasi. "Nilikuwa nauliza yeye. Siku zote yeye najibu pole pole."

"Na mlango je? Hhando amekuona unafunga mlango."

"Mlango moja tu. Wateja mingi, nguvu kidogo."

Kisha akafungua droo, akatoa karatasi yangu ya kaki, imekunjwa vizuri. Alikuwa ameiokota barazani Alhamisi. Pale nilipoandika *Baba, mkono*, alama ya kuuliza ilikuwa imefutwa kwa wino, imekatwa mara mbili kabisa. Chini ya karatasi kulikuwa na kitambaa. Nilikijua kabla hajakikunjua: pindo jekundu, na nyuzi za dhahabu zilizofifia. Kilikuwa kimekatwa hovyo, upande mmoja mpana, mwingine mwembamba.

"Nani amekata hivi?" nikauliza, na ufundi wangu ukasahau kilio.

"Mimi."

"Kwa mkasi gani?"

"Yako. Ile kubwa."

Nilimwambia kwamba kwa miaka ishirini amekaa karibu na fundi bila kujifunza kukata mstari ulionyooka. Alicheka, na kucheka kukamchosha akashika kaunta. Nilikwenda barazani, nikaketi kwenye ile cherehani ya mkewe, nikashona lile pindo jekundu kwenye kipande cha shali ya bibi yake Niili nilichokuwa nimekiacha pale. Sijawahi kushona polepole namna ile. Kila nilipofika mahali alipopinda mkasi niliacha vilevile, sikunyoosha. Mzee Lalji alikuwa ameketi karibu yangu juani, amefumba macho, anasikiliza mlio wa mashine.

Hhando alipotupakia saa tisa nilimgeukia. "Wewe ulisema amefunga!"

"Nilisema," Hhando akajibu. "Ninyi hamkuniuliza amefunga kula au kufuli. Nami sikuuliza."

Kweli tupu. Nikamwombea heri moyoni.

Koki alituona tunashuka mbele ya nyumba za walimu. Alimtazama baba yake usoni, midomo ile, na hakuhitaji kuambiwa. Alisema neno moja kwa Kigujarati, baba akajibu maneno matatu, na Koki akainama akamgusa miguu. Hakuinuka upesi. Baadaye aliniambia kwamba yeye hakufikiria habari ya kufunga kula kwa sababu kufunga kule ni kwa siku yenyewe ya harusi, na ile ilikuwa Ijumaa. Siku ya ziada hakuwa ameihesabu. Niili yeye alisimama pembeni akiuliza, "Imekaza? Imekaza?" Nikamwambia imekaza, baba, na haitalegea.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwa Gidamis. Sakafu ya ng'ombe ilikuwa imefagiwa, na wake zake walikuwa wamevaa mavazi yao ya ngozi yenye shanga. Sahani ya plau ilikuwa katikati, kuni zimepangwa, na pembeni Gidamis mwenyewe alikuwa ameweka majani mabichi, ambayo kwao na kwetu pia ni baraka. Jinsi alivyopata majani mabichi mwezi wa saba sijui, na sikuuliza. Boza la maji lilisimama pale na walinzi wawili juu yake, waliovaa mashati ya harusi.

Mzee Lalji alisimama bila fimbo. Aliushika mkono wa Koki, akauweka kwenye mkono wa Niili, halafu akaweka wake juu, na juu ya wake akaacha nafasi kidogo, kama vile kuna mkono mwingine bado unakuja. Sisi tuliojua tulijua ni wa nani. Maharaji akanipa ishara, nikasogea na utepe.

Hapo nikakosea. Nikiogopa fundo lisije likalegea mbele ya watu, nikafunga lile ninalolijua tangu utoto, la kufungia ndama. Desturi ya akina Niili ni kwamba baadaye maharusi huchomoa mikono utepe ukabaki na fundo lake. Lakini fundo la ndama halichomoki. Wakauzunguka moto mara nne wamefungwa, samli inalia motoni, wakanywa maziwa na asali kwenye kikombe cha masikio mawili kwa mikono ya kushoto, na bado wamefungwa. Niili alijaribu kuvuta kidogo. "Mama Letisia," akaninong'oneza, "hii nati gani?" Wake wa Gidamis, ambao ndama wanawajua, walikuwa wanafutana machozi kwa kucheka.

Ikaja lapsi. Ni chakula chao cha heri, ngano iliyopasuliwa na kupikwa kwa samli na sukari guru. Ngano ilikuwa ya shamba lile lile, samli ya Gidamis. Mzee Lalji alikuwa ameketishwa kwenye kigoda, na sasa aliruhusiwa kula. Mtu akampelekea sahani, lakini Koki akasema hapana, akaenda yeye, na kwa kuwa alikwenda yeye ilibidi aende Niili. Wakapiga magoti pamoja. Koki akachota tonge kwa mkono wake wa kulia, na mkono wa kulia wa Niili ukaja nao, mwekundu, wenye kovu la mashine, na kati yao kile kipande kilichokatwa vibaya.

Tonge la kwanza nusu lilimwagika kwenye shati la mzee. Lililobaki akalipokea. "Ya mama yako," akasema.

Wakachota la pili, safari hii mikono miwili ikiwa imeshaelewana. Halikumwagika hata punje.

"Hii yangu."

Alitafuna muda mrefu. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akaniita kwa sauti, ili na Hhando asikie.

"Letisia! Nimefungua."

"Nimesikia, mzee," nikamjibu, na nikaenda kumletea maji.